Uzi: Kama zinki na histidini tatu zinatosha, kwa nini peptaidi tunazobuni bado ziko nyuma ya kimeng'enya?

#1 Mkemia wa Pwani
Wakuu, salamu. Naleta hoja ambayo imenishughulisha tangu nianze kusoma habari za peptaidi zinazoshika metali, na ningependa wenye ujuzi waipinge au waiongezee nguvu.

Wengi wetu tulipokuwa sekondari tulidondoshea hidrojeni peroksidi kwenye kipande cha ini au cha kiazi, tukaona povu likifura. Kinachofanya kazi ndani ya katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi hiyo, ni atomi ya chuma iliyokaa katikati ya hemu, yaani pete ya kikaboni inayoibeba. Chuma hicho hicho kikiwa katika chumvi yake ya kawaida nacho huvunja peroksidi, lakini kwa kasi iliyo chini mara mamilioni. Metali ni ileile. Kilichobadilika ni mazingira yake. Hapo ndipo linapopata nguvu wazo la kubuni vichocheo kwa kuiga vimeng'enya: badala ya kubeba protini nzima yenye mamia ya asidi amino, unachukua peptaidi, yaani mnyororo wa asidi amino chache hadi makumi kadhaa, unapanga histidini au sisteini mahali panapofaa, kisha unaipa zinki, shaba, chuma au nikeli ikae humo. Peptaidi za namna hiyo huundwa juu ya resini, yaani chembe ngumu za plastiki, asidi amino moja baada ya nyingine, kwa njia aliyoitangaza Bruce Merrifield mwaka 1963 na iliyompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1984, na kila nafasi katika mnyororo unaweza kuibadilisha upendavyo.

Mfano ninaoutegemea ni kaboni anhidrasi. Katika aina ya pili ya kimeng'enya hicho mwilini mwa binadamu, zinki moja imeshikwa na histidini tatu, na nafasi ya nne ina maji. Kwa mpangilio huo molekuli moja ya kimeng'enya hugeuza takriban molekuli milioni 1 za kaboni dioksidi kila sekunde. Mwaka 2012 kundi la Vincent Pecoraro wa Chuo Kikuu cha Michigan lilichapisha peptaidi zinazosokotana tatu tatu, zilizobuniwa tangu mwanzo bila kunakili mwili wa protini yoyote ya asili, zenye zinki na histidini tatu vilevile. Zilifanya kazi, na ziliviacha mbali vichocheo vidogo vya zinki vilivyotangulia, lakini kwa kaboni dioksidi zilibaki nyuma ya kimeng'enya cha asili kwa takriban mara 500.

Hoja yangu ni hii: tunanakili vinavyoigusa metali na kuviacha visivyoigusa, na hivyo visivyoigusa ndivyo vyenye kazi kubwa. Nani anapinga?

#2 Mwalimu Mbeya
Asante kwa uzi. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, na kabla wakubwa hamjaanza kupingana naomba mtu anieleze kwa lugha ya darasani: zinki inayafanyia nini maji? Zinki haibadilishi hali yake ya oksidisheni kirahisi kama chuma au shaba, sasa kazi yake ni ipi?

#3 Histidini Tatu
Mwalimu, swali lako ndilo msingi wa uzi wote. Zinki ina chaji chanya mbili, na molekuli ya maji ikishikwa nayo, elektroni za oksijeni huvutwa kuelekea metali, kwa hiyo maji hayo huachia protoni kwa wepesi zaidi. Maji ya kawaida yana pKa, yaani pH ambayo nusu ya molekuli huwa zimeachia protoni, inayokaribia 15.7. Yakishikwa na zinki iliyozungukwa na maji mengine hushuka hadi karibu 9. Ndani ya kaboni anhidrasi hushuka hadi karibu 7, maana yake ni kwamba katika pH ya damu sehemu kubwa ya maji hayo tayari yamekuwa hidroksidi, na hidroksidi hiyo ndiyo inayoishambulia kaboni dioksidi na kuifanya bikaboneti.

Hapo naungana na mleta hoja. Histidini tatu pekee hazielezi kushuka huko wala kasi yote. Kuna asidi amino iitwayo threonini, ya nafasi ya 199, ambayo haiigusi zinki, lakini inashika hidrojeni ya hidroksidi na kuielekeza ikae mkao unaofaa, nayo yenyewe imeshikwa na glutamati ya nafasi ya 106. Kisha kuna histidini ya nafasi ya 64, iliyo mbali na zinki, ambayo kazi yake ni kuipokea protoni na kuitoa nje ili mzunguko mwingine uanze. Ukiiondoa hiyo, kimeng'enya hupungua kasi sana ingawa zinki na histidini zake tatu hazijaguswa.

#4 Mzee wa Resini
Hoja nzuri, ila namba ya mara 500 isiachwe ipite bila maelezo. Kipimo kile cha kaboni dioksidi kilifanywa katika pH 9.5, kwa sababu maji yaliyoshikwa na zinki ndani ya peptaidi zile huachia protoni karibu na pH 9, si karibu na 7. Ukishuka hadi pH ya damu, pengo linapanuka. Kwa hiyo mtu akisema tuko nyuma kwa mara 500, ajue kwamba ni katika mazingira yaliyochaguliwa yaipendelee peptaidi. Kwa nitrofenili asetati, esta inayotumiwa sana kupima vichocheo vya namna hii, pengo lilitajwa kuwa takriban mara 100.

Jambo jingine ambalo halikutajwa ni kwamba muundo ule ulikuwa na sehemu mbili za metali. Zinki ilikaa kwa histidini, na sehemu ya pili ilikuwa na sisteini tatu zilizoshika zebaki, ambayo haikuwa na kazi ya kuchochea chochote, bali iliimarisha msokoto mzima usifunguke.

#5 Binti wa Geita
Zebaki tena! Huku kwetu wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaishika kwa mikono, na tabia hiyohiyo ya kung'ang'ania salfa ya sisteini ndiyo inayoifanya iwe sumu kwa protini za mwili. Nimeelewa sababu ya kuitumia katika utafiti, lakini kichocheo cha kutumika nje ya maabara hakiwezi kujengwa juu yake.

#6 Mzee wa Resini
Dada, ni kweli kabisa, na hakuna aliyekusudia kitumike nje. Zebaki ilichaguliwa kwa sababu inapenda mkao wa sisteini tatu kwa namna inayojulikana vizuri, hivyo mtafiti anajua nini kimekaa wapi. Ilikuwa ni kuthibitisha kwamba metali mbili zinaweza kugawana kazi ndani ya muundo mmoja, moja ikishikilia na nyingine ikitenda.

#7 Shahidi wa Vipimo
Nadhani mnajadili sababu za pengo kabla ya kuuliza kama pengo limepimwa sawasawa. Nitrofenili asetati inapendwa kwa sababu ikivunjika hutoa rangi ya njano ambayo hata spektrofotomita ya bei nafuu inaiona karibu na nanomita 400. Lakini esta hiyo ni dhaifu mno. Imidazoli tupu, ile pete iliyomo ndani ya histidini, huivunja bila metali yoyote, na jambo hilo limejulikana tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo peptaidi yoyote yenye histidini itaonyesha kazi fulani, na mwandishi asiyepima peptaidi bila zinki, na zinki bila peptaidi, na vyote viwili kwa pamoja, hajatuambia lolote.

Nitoe mfano niliouona katika maabara moja nje ya nchi. Kulikuwa na peptaidi ya shaba iliyosifiwa kwa kasi yake ya kuoksidisha. Ilipopimwa upya na chombo kilichooshwa kwa asidi, na peptaidi iliyosafishwa mara ya pili, sehemu kubwa ya kasi ilitoweka, kwa sababu iliyokuwa ikifanya kazi ni shaba huru iliyozidi kiasi ambacho peptaidi ingeweza kukishika. Tena peptaidi inayotoka kwenye usafishaji wa kawaida huja na mabaki ya asidi ya trifluoroasetiki, na mabaki hayo yakizidi nguvu ya bafa, yaani mchanganyiko unaozuia pH isibadilike, hushusha pH ya mchanganyiko bila mtu kutambua. Maelezo yangu ya pengo, kwa hiyo, ni kwamba katika machapisho mengi hatujui ukubwa wake halisi.

#8 Histidini Tatu
Mkuu Shahidi, hilo la vipimo ni haki yako, lakini haliwezi kuwa jibu la kazi ya Michigan, kwa sababu kaboni dioksidi haivunjwi na imidazoli kwa namna hiyo, na kipimo kile kilikuwa na ulinganisho. Usitumie kosa la maabara moja kuyafuta matokeo ya nyingine.

#9 Nyuzi Ndefu
Niongeze upande ambao hamjaugusa. Mwaka 2014 makundi ya Ivan Korendovych wa Syracuse na William DeGrado wa California yalichapisha peptaidi za asidi amino 7 tu, ambazo histidini zake zinapokezana na lusini au isolusini. Moja peke yake haina umbo lolote la maana. Zikikutana na zinki hujipanga zenyewe kuwa nyuzi za amiloidi, na nyuzi hizo huivunja ile esta. Histidini za upande mmoja wa uzi zinashika zinki, na asidi amino zisizopenda maji zinafunga upande wa pili kwa nguvu.

Ninachokiona hapo ni kwamba kimeng'enya si lazima kiwe mnyororo mmoja mrefu. Mamia ya vipande vifupi vikikaa pamoja vinaleta mazingira makavu yanayozunguka metali, na mazingira hayo ndiyo tunayoyakosa katika peptaidi fupi inayoelea majini peke yake. Mleta hoja anataja asidi amino mojamoja zisizogusa metali. Mimi nasema ni ukavu wa mahali penyewe.

#10 Mwalimu Mbeya
Amiloidi si ndizo zinazotajwa katika ugonjwa wa Alzheimer? Wanafunzi wangu wataniuliza.

#11 Nyuzi Ndefu
Ni umbo la aina moja, Mwalimu, si peptaidi zilezile. Umbo la amiloidi ni namna mojawapo ya minyororo kupangana ubavu kwa ubavu, na protini nyingi zisizohusiana na ugonjwa huo zinaweza kulifikia.

#12 Shahidi wa Vipimo
Na esta ni ileile ya njano. Nimeisoma kazi hiyo na ina ulinganisho mzuri, lakini narudi pale pale: uzi unaovunja nitrofenili asetati bado haujathibitisha kwamba unaweza kuvunja kitu kigumu.

#13 Teuzi na Teuzi
Wakuu, mnatafuta sababu moja kana kwamba ipo. Someni kazi ya kundi la Donald Hilvert wa Zurich ya mwaka 2018. Walianza na peptaidi fupi zenye misokoto, zilizokuwa zimebuniwa ziungane mbili mbili kwa zinki, ambazo zilikuwa na uwezo mdogo tu wa kuvunja esta. Wakaziunga kuwa mnyororo mmoja, kisha wakazipitisha katika mabadiliko na uteuzi, duru baada ya duru, wakibakiza zile zilizokwenda kasi zaidi. Mwisho wakapata kimeng'enya chenye ufanisi wa takriban milioni 1 kwa kipimo cha M⁻¹s⁻¹, kinachotofautisha hata molekuli ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto, zilizo kama kitu na taswira yake kwenye kioo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mabadiliko hayo hayakubaki karibu na zinki. Umbo zima lilijipanga upya, na hata namna zinki ilivyoshikwa ilibadilika kutoka ile iliyokusudiwa na wabunifu. Hakuna kati yetu ambaye angekaa mezani akayataja mabadiliko yale kabla hayajatokea. Maelezo yangu, basi, ni kwamba pengo linatokana na kukosa historia ya uteuzi. Frances Arnold alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba uteuzi wa maabara unafika mahali ambapo ubunifu wa kichwani haufiki.

#14 Mkemia wa Pwani
Nashukuru kwa mfano huo, Mkuu Teuzi, lakini naona unaithibitisha hoja yangu badala ya kuipinga. Uteuzi ulifanya nini kama si kupanga vile visivyoigusa metali? Njia ya kufika ni tofauti. Kilichopatikana ni mfuko mkavu kuizunguka zinki, na mshikio wa pembeni unaosaidia hatua ngumu ya mmenyuko.

#15 Teuzi na Teuzi
Hapana, tofauti ni kubwa. Wewe unasema tunajua kinachokosekana na hatujakiweka. Mimi nasema hatujui mpaka kiteuliwe.

#16 Nikeli Safi
Naomba nishike upande wa Mkemia wa Pwani kwa ushahidi usiohusu protini kabisa. Katika maabara ya taifa ya Pacific Northwest nchini Marekani wamefanya kazi miaka mingi na vichocheo vya nikeli vinavyoiga hidrojenasi, yaani kimeng'enya kinachotoa au kuoksidisha hidrojeni, vile ambavyo nikeli imeshikwa na fosfini na pembeni yake kuna amini inayopokea protoni. Mwaka 2011 walitangaza kimojawapo kinachotoa zaidi ya molekuli 100,000 za hidrojeni kwa sekunde. Baadaye kundi la Wendy Shaw likaunganisha asidi amino kwenye ukingo wa molekuli hiyo, kama glisini na arginini. Metali haikuguswa, fosfini hazikuguswa, lakini kasi, kuyeyuka katika maji, na uwezo wa kuendesha mmenyuko upande wa pili, yaani kuioksidisha hidrojeni, vyote vilibadilika. Kundi la kaboksili la glisini lilitoa njia ya protoni kutoka katikati hadi nje. Hakuna uteuzi hapo; kuna mtu aliyewaza njia ya protoni akaijenga.

#17 Shahidi wa Vipimo
Sahihisho dogo kwa wasomaji. Ile kasi ya zaidi ya 100,000 ilipatikana katika kiyeyusho cha kikaboni kilichotiwa asidi na maji kidogo, tena kwa gharama ya volteji iliyozidi sana kiwango cha chini kinachohitajika. Hidrojenasi ya asili hufanya kazi majini karibu kabisa na kiwango hicho cha chini. Tusilinganishe kasi bila kutaja gharama ya nishati.

#18 Nikeli Safi
Sahihisho limepokelewa, nalo linaipa uzito sehemu ya pili ya maelezo yangu: vile vilivyoongezewa asidi amino ndivyo vilivyoanza kufanya kazi vizuri majini na kwa gharama ndogo zaidi ya nishati.

#19 Mwalimu Mbeya
Sasa naomba kutoka kidogo nje ya zinki. Maharage tunayolima huku yana vinundu kwenye mizizi, na bakteria waliomo huichukua naitrojeni ya hewani bila tanuri wala kompresa. Kiwanda cha mbolea kinahitaji nyuzi joto 400 hadi 500 na mgandamizo wa zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa. Kama peptaidi zinaweza kuiga kaboni anhidrasi, kwa nini hakuna peptaidi ya kuiga vinundu vya maharage?

#20 Mzee wa Resini
Mwalimu anataka mbolea kabla uzi haujafika ukurasa wa pili! Lakini swali lake ni zito na linastahili jibu kamili.

Kitovu cha naitrojenasi, kimeng'enya cha bakteria hao, hakina metali moja bali fungu la chuma 7, molibdenamu 1, salfa 9, na atomi ya kaboni katikati kabisa, ambayo utambulisho wake ulithibitishwa mwaka 2011. Bakteria wenyewe wanatumia protini kadhaa kulijenga fungu hilo kabla ya kulipeleka mahali pake. Zaidi ya hapo, kila molekuli moja ya naitrojeni inahitaji elektroni 8 na ATP, yaani molekuli za kubebea nishati, zisizopungua 16. Peptaidi fupi inaweza kushika metali, lakini haina namna ya kupanga elektroni zije moja moja kwa wakati wake. Usidhani vinundu havina gharama. Mharage unailipa kwa sukari yake.

#21 Binti wa Geita
Kwa hiyo mafungu ya chuma na salfa hayawezekani kabisa kwa peptaidi?

#22 Mzee wa Resini
Yale madogo yanawezekana. Kundi la Vikas Nanda wa Rutgers lilitengeneza mwaka 2018 peptaidi ya asidi amino 12, zinazopokezana za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, inayoshika fungu la chuma 4 na salfa 4 na kupokea na kuachia elektroni mara nyingi bila kuharibika. Mwaka 2023 watafiti wa chuo hicho hicho wakatoa peptaidi ya asidi amino 13 yenye nikeli 2, inayotoa hidrojeni. Wao wanauliza swali la asili ya uhai, kwamba kabla ya vimeng'enya vikubwa huenda vilikuwepo vipande vifupi kama hivyo vilivyoanza kazi kwa unyonge.

#23 Teuzi na Teuzi
Na baada ya unyonge huo kilifuata nini? Uteuzi wa mabilioni ya miaka. Asante, Mzee.

#24 Mlegevu Kiasi
Nimesoma kimya tangu mwanzo, na naona maelezo moja yamekosekana: ugumu wa kupita kiasi. Protini nyingi zinazobuniwa ni imara mno. Unaweza kuzichemsha karibu na nyuzi joto 100 zisifunguke. Wabunifu huzifurahia kwa sababu huonyesha kwamba umbo limepatikana. Lakini kichocheo kinapaswa kushika kinachoingia, kukipeleka kwenye hatua ngumu, kisha kukiachia kinachotoka, na kila hatua inadai mkao tofauti kidogo. Metali nayo hutaka mkao mmoja kabla ya mmenyuko na mwingine baada yake, hasa shaba, ambayo ikiwa na chaji mbili hupenda mraba bapa na ikiwa na chaji moja hupenda mkao mwingine. Peptaidi iliyobanwa ishike mkao mmoja tu huifunga metali isisogee.

Angalieni protini za Due Ferri za DeGrado na Angela Lombardi wa Napoli, zenye misokoto minne na chuma mbili. Ili metali na molekuli nyingine ziingie, ilibidi watafiti waondoe baadhi ya asidi amino kubwa karibu na kitovu, na kila nafasi iliyofunguliwa iligharimu uimara. Mwaka 2012 kundi hilo likaonyesha kwamba mabadiliko machache yanatosha kugeuza aina ya mmenyuko unaofanyika na oksijeni.

#25 Histidini Tatu
Ndugu Mlegevu, hilo linanigusa, lakini je, halipingani na Nyuzi Ndefu? Amiloidi ni ngumu kuliko karibu umbo lolote la protini, na bado zinafanya kazi.

#26 Mlegevu Kiasi
Zinafanya kazi kwenye esta dhaifu, kama Shahidi alivyosema, isiyodai metali isogee sana. Zinki haibadilishi chaji. Jaribuni mfumo mgumu kiasi hicho kwa shaba inayooksidisha kitu kisichooksidishwa kirahisi ndipo tulinganishe.

#27 Mkemia wa Pwani
Na programu za kompyuta je? David Baker alipata nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024 kwa ubunifu wa protini, na Demis Hassabis na John Jumper nusu nyingine kwa AlphaFold, programu ya kutabiri umbo la protini. Hazitatusaidia kuipanga hiyo safu ya nje?

#28 Mlegevu Kiasi
Zinatusaidia sana kupata umbo. Ila kutabiri umbo si kutabiri hatua ngumu ya mmenyuko, na metali zenye elektroni zisizo na jozi zinahitaji hesabu za kikwantamu ambazo ni ghali kuzifanya kwa maelfu ya miundo.

#29 Mwalimu Mbeya
Nashukuru wote. Ombi la mwisho: kuna jambo lolote ambalo shule au chuo chenye vifaa vichache kinaweza kulijaribu?

#30 Nikeli Safi
Lipo, na mmeshalianza bila kulipa jina hili. Kipimo cha biureti mnachowafundisha wanafunzi, ile zambarau ya shaba ndani ya alkali, ni shaba kushikwa na naitrojeni za mnyororo wa peptaidi. Hatua inayofuata ni peptaidi ya glisini, glisini na histidini, ambayo huishika shaba kwa naitrojeni nne hata katika pH ya kawaida. Protini ya albumini katika damu ya binadamu inaanza kwa mpangilio wa jamii hiyo, asidi ya aspatiki, alanini na histidini. Tengenezeni au agizeni peptaidi hiyo, na nyingine ambayo histidini imebadilishwa kuwa alanini, mlinganishe rangi na kasi ya kuoksidisha vitamini C.

#31 Shahidi wa Vipimo
Naunga mkono, kwa sharti kwamba shaba iwe pungufu kidogo kuliko peptaidi ili isibaki huru, na kwamba kila kipimo kiwe na ndugu zake watatu: kisicho na shaba, kisicho na peptaidi, na kisicho na vyote viwili.

#32 Histidini Tatu
Nami naongeza kwa watakaochagua zinki na ile esta ya njano: pimeni katika pH 7, 8 na 9, msiridhike na moja. Nitrofenoli yenyewe hubadilika rangi karibu na pH 7, kwa hiyo njano hafifu chini ya hapo inaweza kuonekana kana kwamba kichocheo kimelegea, ilhali rangi ndiyo iliyopungua. Wekeni mstari wa usanifishaji kwa kila pH, kisha leteni michoro yenu hapa, kwa sababu pKa ya maji yaliyoshikwa na zinki itaonekana katika mchoro huo wa kasi dhidi ya pH, na hapo tutajua kama peptaidi yenu iko upande wa 7 au upande wa 9.